Kiinua Mgongo cha Dobi

Mwezi uliopita, ofisini kwetu hapa Songea, kijana mmoja wa utumishi alipendekeza neno "kiinua mgongo" lifutwe kwenye nyaraka zetu zote. Alisema ni neno la kizamani, linamdhalilisha mstaafu, linamfanya aonekane kama punda aliyetuliwa mzigo. Badala yake tuandike "mafao ya mkupuo", maneno ambayo kwa maoni yake yamekaa kitaalamu. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, maana saa ya chai ilikuwa imekaribia. Wakati huohuo mhudumu alikuwa akipiga deki kwenye korido, na ndoo yake ikatuletea mle ndani harufu ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Harufu ile niliijua. Nikasema sikubali. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na kijana wa watu akanitazama kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme. Sikumweleza sababu siku ile. Naieleza hapa, kwa ninyi rika langu mliolelewa na kina mama waliokuwa wakirudi nyumbani na vidole vilivyojikunja kwa maji.

Mama yangu, Editruda, alikuwa dobi wa hosteli moja kubwa upande wa Mjimwema. Mwenye hosteli aliishi Dar es Salaam, huku aliweka meneja. Wageni wa semina walikuja na kuondoka, wanafunzi wa vyuo walikaa muhula mzima, na wote hao walilala kwenye mashuka yaliyopita mikononi mwa mama na wenzake. Nyuma ya jiko kulikuwa na karo la saruji, refu, limejengwa chini mno, kana kwamba fundi wake alidhani nguo zitafuliwa na watoto. Hapo ndipo walipoinama kuanzia asubuhi. Miezi ya baridi, ukungu wa milima ya Matogoro ukiwa bado umelalia mabati, mvuke ulipanda kutoka kwenye maji ya kuchemsha ukawafunika, ukiwa mbali unaona kanga tu zikipanda na kushuka. Shule ikifungwa nilikwenda naye, nikawa naokota vibanio vya nguo vilivyoanguka chini ya kamba. Napenda kusema kwamba nilimhurumia, lakini haikuwa hivyo. Nilipenda mashuka yaliyoanikwa. Nilipita katikati yake kama kwenye vyumba vya nyumba nyeupe isiyo na dari, na upepo ukija, kuta zangu zote zilinikumbatia kwa ubaridi.

Mgongo wake sikumbuki ulianza kupinda lini. Kwangu mimi ulikuwa hivyo siku zote, kama ambavyo mlango wetu ulikuwa wa bluu. Alitembea ameelekea mbele, macho chini, kama mtu aliyedondosha sindano. Watoto wa Ruhuwiko, tulikokuwa tukiishi, waliigiza mwendo wake akishapita, na siku moja nilimrukia msichana mmoja mkubwa kuliko mimi nikamng'ang'ania nywele mpaka watu wakaja kututenganisha. Nilirudi nyumbani gauni limechanika begani. Mama alichukua sindano na uzi, akanishonea nikiwa nimelivaa, akaniuliza mwenzangu alikuwa anasema nini. Nikamwambia. Akakata uzi kwa meno, akasema mgongo ni wake, kama kuna wa kuupigania ni yeye, mimi nipiganie daftari zangu.

Baba yangu alifariki nikiwa bado nabebwa. Tulibaki mama na mimi, Skola, na bibi mzaa baba aliyeishi Mpitimbi kwenye shamba lake la mahindi. Mama alimheshimu bibi yule kuliko mtu yeyote. Bibi akifika, hata kama mvua imenyesha na ua wote ni tope jekundu, mama alipiga magoti palepale alipomkuta, akamwamkia, na hakuinuka mpaka aitikiwe. Nasema jambo hili mapema ili mtu asije akadhani mama yangu hakujua kupiga magoti.

Habari ya kiinua mgongo ililetwa na Mama Oliva. Huyu alikuwa dobi mwenzake, jirani yake pale karoni, na rafiki yake wa karibu. Walipokezana ndoo, walisukana nywele, mmoja akiugua mwenzake alifua mafungu yote mawili. Jioni moja alikuja kwetu, akakaa kwenye mkeka, akaanza kumsaidia mama kuambua maharage, na huku akiambua akasema meneja ametangaza kwamba mashine za kufulia zinakuja. Zikishafungwa, madobi wote wataachishwa kazi. Ila bosi mwenyewe atakuja kutoka Dar es Salaam kuwaaga, na kila mmoja atapewa kiinua mgongo.

Nilikuwa pembeni nachambua mchele. Nililisikia neno lile, mikono yangu ikasimama. Sikuwahi kulisikia kabla, lakini halikuhitaji kufafanuliwa. Kulikuwa na kitu duniani cha kuinua mgongo, na mama yangu anakwenda kupewa.

Swali langu lilikuwa kinafananaje. Nilianza kukichora kichwani kwa vitu nilivyovijua. Karibu nasi aliishi Mzee Rashidi, mtu wa Tunduru, fundi wa malori na wa kuchomelea vyuma. Mzee Rashidi alikuwa na jeki. Nilikwisha kumwona akiipeleka chini ya lori lililojaa korosho, akapampu polepole, na lori zima likainuka kama linavuta pumzi. Kama kuna kiinua lori, basi kiinua mgongo ni jeki ndogo. Kilichonitia hofu ni mahali kitakapowekwa, na kama kitauma.

Kesho yake nilikwenda kumuuliza. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Mzee huyu alikuwa amewahi kufundisha madrasa, alipenda maneno, na ukimuuliza neno moja alikupa matatu. Sikutaka ajue siri yetu, kwa hiyo nilianza mbali, nikauliza mshahara maana yake nini. Akaniambia neno hilo lilitoka Uarabuni, kwamba wao huita mwezi shahari, hata mwezi mtukufu huitwa shahari Ramadhani, na mshahara ni malipo ya mwezi. Nikauliza kibarua. Akasema hiyo ni barua ndogo tu. Zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, akimaliza siku yake kinawekwa alama, basi karatasi ikageuka jina la kazi yenyewe. Ndipo nikauliza kiinua mgongo. Alikuwa amekaza nati, akasema kwa sauti ya mtu mwenye spana mkononi kwamba hicho ni Kiswahili chetu wenyewe, hakina Uarabu wowote.

"Kinainua mgongo," alisema. "Jina lake si unalisikia?"

Nililisikia vizuri kabisa. Nikaenda shuleni nikawatangazia wote, na hasa yule msichana wa nywele, kwamba mama yangu karibu atanyooka.

Siku ya kuagwa mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, mimi nikavishwa gauni la kanisani lenye mshono begani. Uwanja wa hosteli ulikuwa umefagiliwa, viti vya plastiki vimepangwa, spika inapiga muziki. Mbele kulikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa cheupe kinachofika chini. Nilijua kitambaa kile kimefuliwa na nani, na nilijua chini yake kuna nini. Nilihesabu kwa macho: madobi wako kadhaa, meza ni kubwa, jeki zinaenea.

Bosi alikuwa mzee mnene, mpole, aliyesinzia kidogo wakati wa hotuba. Sidhani kama aliujua mpango wa meneja. Meneja ndiye aliyekuwa amepanga kila kitu, kijana mwenye suti, anayependa mambo yaende kwa utaratibu, na alikuwa amemwita mpiga picha kutoka mjini. Alieleza kwenye kipaza sauti kwamba kila mama akiitwa atakuja mbele, atapiga magoti mbele ya bosi, atapokea bahasha kwa mikono miwili, na atabaki hivyohivyo akitazama kamera mpaka picha ipigwe. Alisema hiyo ni shukrani. Picha zitatundikwa mapokezi.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Oliva. Alikwenda, akapiga magoti kwenye changarawe, akapokea, akatazama kamera. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimenyoosha shingo kutazama chini ya meza, nikaona upepo umefunua kitambaa, na hakuna kitu kule isipokuwa miguu ya meza. Akaitwa wa pili, naye akapewa bahasha. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hakuna jeki. Nilipomtazama Mama Oliva anarudi kitini na bahasha yake, mgongo wake ulikuwa vilevile.

Likaitwa jina la mama. Alikwenda kwa mwendo wake ule wa kutafuta sindano, akafika mbele ya bosi, akasimama. Hakushuka. Mpiga picha alikuwa ameshainama na kamera yake, akawa anangoja. Meneja akasogeza kipaza sauti pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini apige magoti kidogo, picha tu. Lakini kipaza sauti hakikuwa kimezimwa, na jibu la mama tulilisikia wote.

"Nitapokea nimesimama."

Meneja akacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka watu wamsaidie kucheka. "Mama Skola," alisema, "mgongo wenyewe umeshainama. Magoti tu ndiyo yanakushinda?"

Walimsaidia. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikahisi masikio yangu yanawaka moto. Mama alingoja kicheko kiishe. Alikuwa akimtazama meneja kwa chini, kwa sababu mgongo wake haukumruhusu kumtazama kwa namna nyingine, na hata hivyo, sijui niseme vipi, alionekana mrefu.

"Mgongo ulipinda hapa kwenu," alisema. "Huo niliuleta kazini. Magoti hayakuwa ya kazi. Nilikuja nayo mazima, nitaondoka nayo."

Bosi aliamka kabisa sasa, akamtazama meneja, meneja akatazama orodha yake. Nadhani meneja angeweza kumpa tu bahasha mambo yakaisha. Badala yake aliirudisha kwenye sinia pale mezani, akasema kwenye kipaza sauti, vizuri, Mama Skola akiwa tayari atakuja kuichukua, tuendelee. Akaita jina lililofuata. Mama akageuka, akanishika mkono, tukatoka. Mama Oliva alikuwa amekaa kando ya njia na soda yake. Hakutuinulia macho.

Njiani nilikuwa na hasira naye. Nitasema ukweli wa mtoto: sikuona cha kujivunia. Bahasha ilikuwa ndogo, sawa, lakini huenda ndani kulikuwa na karatasi ya kwenda kuchukulia kitu chenyewe mahali pengine, hospitalini labda. Na mama amekataa. Magoti ni kitu gani, nilijiuliza, mbona kila Jumapili tunayapiga?

Sikuwa peke yangu kuuliza hivyo. Jumuiya yetu ya kanisa ilipokutana kusali nyumbani kwa jirani, mama mmoja alimwambia wazi kwamba amejaa kiburi, kwamba hata mbele ya Mungu tunapiga magoti. Mama akajibu kwa upole kwamba kanisani hupiga mwenyewe, hakuna meneja anayemwamuru kwa ajili ya picha. Wengine walimkumbusha kwamba bati letu linavuja na masika yanakuja. Alilijua bati hilo kuliko wao, maana sufuria ya kukingia ilikaa upande wake wa kitanda. Alikuwa anaihitaji ile bahasha. Hilo ndilo watu wanaosimulia habari za ujasiri hupenda kuliruka. Aliihitaji sana, na alilala bila kujua kama ataipata.

Habari zikafika Mpitimbi. Bibi akaja, na kiroba cha unga kichwani, bila kutangulia kutoa taarifa. Nilijua amekuja kugomba. Bibi ndiye aliyenifundisha mimi kupiga magoti, alinigusa nyuma ya goti kwa fimbo yake nikisahau. Mama alimwona akiingia uani, akaacha chungu motoni, akashuka magoti yote mawili kwenye majivu na maganda ya maharage, akamwamkia. Bibi akaitikia, akamruhusu ainuke, akakaa. Alikunywa maji yote kwenye kikombe ndipo akauliza kama aliyoyasikia ni kweli.

Mama akasema ni kweli.

"Kwa nini mimi unanipigia, yule hukumpigia?"

"Wewe hukunilipa," mama alisema.

Bibi aliweka kikombe chini. Kisha akaanza kuzungumza, akichanganya Kingoni na Kiswahili kama kawaida yake, na ilinichukua muda kutambua kwamba hagombi. Alisimulia kwamba akiwa msichana alikwenda na mama yake kulima mashamba ya watu. Walilima kwa jembe la mpini mfupi, wameinama tangu umande mpaka jua la jioni, na wakimaliza hawakuweza kusimama, walibaki pale kwenye matuta kama kuku wanaotamia. Hapo ndipo mwenye shamba alipokuja. Hakuwaita nyumbani kwake. Alikuja yeye shambani na kibuyu cha togwa na kapu la nafaka, akachuchumaa mbele ya kila mmoja, akamwekea chake mkononi, kisha akamshika mkono akamsimamisha. Mwenye shamba ambaye hakuwainua watu wake alisemwa kijiji kizima, na msimu uliofuata hakupata wa kumlimia.

"Hicho ndicho kiinua mgongo," bibi alisema. "Anayetoa ndiye anayeinama. Anayepokea anainuka. Huyo mtoto wa suti amelishika neno kichwa chini."

Sijui wataalamu wa lugha watasema nini juu ya maelezo ya bibi yangu. Nimeshafungua kamusi, nazo husema tu kwamba ni malipo anayopewa mtu anapomaliza utumishi wake. Hazisemi nani aliinama na nani aliinuka. Bibi hakuwahi kufungua kamusi, lakini mgongo alikuwa nao.

Asubuhi yake tulikwenda hosteli sote watatu. Mlinzi hakutufungulia, alisema meneja hajatoa ruhusa, na aliona haya kusema hivyo kwa sababu mama alikuwa akimfulia sare zake. Basi mama akasimama nje ya geti, kando, bila kuziba njia. Bibi akaketi kwenye jiwe. Madobi walianza kufika, maana mashine zilikuwa zimeletwa lakini bado ziko kwenye maboksi, fundi wa kuzifunga hajaja, na mashuka yalikuwa yanaendelea kuchafuka. Kila aliyefika alimkuta mama amesimama pale. Hakuwaambia kitu. Aliwasalimia tu.

Mama Oliva alipita. Alisema "za asubuhi" kwa sauti isiyotoka, akaingia ndani ameshika ncha ya kanga yake mdomoni. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona ya jiko. Lakini aliyekuja baada yake alisita, akaweka ndoo yake chini, akasimama karibu na mama. Na wa baada ya huyo hivyohivyo. Walikuwa wameshapokea bahasha zao, picha zao zilikuwa zimeshapigwa, hawakuwa na la kupata. Walisimama tu. Kwenye saa za chai ya wageni tulisikia kelele ndani, mtu anauliza mashuka, mwingine anauliza taulo.

Meneja alitoka jua limeshapanda. Alikuja kwa hatua za haraka, bahasha mkononi, uso umejiandaa kusema maneno makali. Mlinzi akafungua geti. Na hapo kwenye jiwe, mbele yake kabisa, alikuwa amekaa bibi na fimbo yake, kichwa cheupe, anamtazama. Kijana yule alikuwa na wazazi wake mahali fulani huko vijijini, naye alifundishwa adabu na mtu. Kabla hajafikiri, mwili wake ulimtangulia. Aliinama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," bibi alisema, akamshika mkono na hakuuachia. "Sasa ukiwa hapohapo, mpe mwenzako haki yake."

Akampa. Alimpa akiwa bado ameinama, mkono mmoja uko kwa bibi na mwingine umeshika bahasha, na mama akaipokea kwa mikono miwili, amesimama, akasema asante. Hakuna aliyepiga makofi wala picha. Madobi wakaokota ndoo zao wakaingia ndani kufua, na meneja akajifuta jasho, akarudi ofisini.

Nilisubiri mpaka tukavuka barabara. Nilikuwa nautazama mgongo wake tangu alipoipokea ile bahasha, nikingoja, na haukuwa umefanya chochote. Nikamuuliza kama kimeharibika. Akauliza nini. Nikasema kiinua mgongo, mbona bado hakijauinua. Ilibidi nimweleze yote, jeki ya Mzee Rashidi, meza yenye kitambaa, karatasi ya hospitali. Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa duka la watu, bibi naye akacheka bila kujua anacheka nini, na mimi nikaanza kulia kwa sababu nilikuwa nimewatangazia shule nzima. Akanifuta machozi kwa kanga. Akaniambia mgongo wa mtu ukishapinda kazini hakuna wa kuurudisha, hata bosi hawezi, ndiyo maana wanatoa hela. Kisha akatembea kidogo. Akasema, lakini hata hivyo, hebu kwanza tupite kwa Mzee Rashidi.

Bati liliendelea kuvuja masika yale, lazima niseme. Sehemu kubwa ya bahasha ilikwenda kwa Mzee Rashidi. Alipasua pipa la mafuta katikati, akalisugua, akalainisha kingo zake ili zisikate mikono, akachomelea miguu ya vyuma vya lori, mirefu, mpaka pipa likafika kiunoni mwa mtu mzima. Alimwambia mama nusu moja inamtosha kwa kazi ya nyumbani, nusu nyingine akiiacha atampunguzia bei. Mama akasema ziwekwe zote mbili, zielekeane, kwenye stendi moja. Mzee Rashidi alimuuliza ya pili ni ya nani. Mama akamwambia achomelee tu.

Hivyo ndivyo mama alivyoanza kufua kwake mwenyewe, uani kwetu Ruhuwiko, akiwa amesimama. Walimu waliokuwa hawajaoa walileta nguo zao, kisha wauguzi, kisha hata wapangaji wa mbali. Mgongo haukunyooka, lakini uliacha kuendelea kupinda, na jioni aliweza kukaa na kuzungumza badala ya kujilaza ukutani. Kwa muda mrefu alitumia nusu moja tu. Nusu ya pili ilijaa maji ya mvua, bata wakawa wanaitamani.

Mashine zilifungwa hosteli, madobi wakatawanyika. Mama Oliva hakuwa amefika kwetu tangu siku ile ya picha. Kanisani alikaa upande wa pili. Tulimwona sokoni akiuza vitumbua, na akituona alianza kutafuta kitu chini ya meza yake. Mama hakumsema vibaya hata mara moja. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia siku nikikutana naye peke yangu, maneno makali ya mtoto, na namshukuru Mungu sikupata nafasi.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi yenye jua, mashuka ya wauguzi yamejaa kwenye kamba, na nilimwona kwanza miguu yake chini ya shuka, imesimama, haiendi mbele wala nyuma. Mama naye aliiona. Aliendelea kufua. Mama Oliva akajitokeza, akasema shikamoo ingawa walikuwa rika moja, akasema vitumbua havitoki, akasema watoto, kisha akashindwa kuendelea. Akaanza kushuka magoti pale uani.

Mama alimwahi. Aliacha shuka kwenye povu, akazunguka stendi kwa mwendo wake ule, akamshika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyolowa, akamsimamisha kabla magoti hayajagusa ardhi.

"Hapa kwangu hatufanyi hivyo," alisema. "Mwaga hayo maji ya mvua, uchukue sabuni."